Shauri la Nyumba na Kosa la Jinai: Historia ya Mpaka Mmoja Bondeni Kilombero

Katika vijiji vilivyopangana chini ya milima ya Udzungwa, kandokando ya njia itokayo Mikumi kwenda Ifakara, Mkula kikiwa kimojawapo, Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe wamepokea wageni wengi walioletwa na mpunga wa bondeni, na miwa ya Kidatu, na reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya 1970 na 1975. Na watu hao wameoana na kuzikana hata ni vigumu kuwabagua. Lakini penye ndoa hapakosi ugomvi, na ugomvi wa nyumba ukifikishwa kwa balozi au kwa mtendaji, la kwanza kuulizwa ni kama shauri hilo ni la kusuluhishwa au ni la polisi.

Wazee wa kale wasingelifahamu swali hilo. Kwao aghalabu aliyeiba, aliyejeruhi na aliyemchukua mke wa mwenziwe walisimama mbele ya baraza moja, na muradi wa hukumu ulikuwa ukoo uliodhulumiwa ulipwe fidia ili ujirani udumu. Mwenye shauri alikuwa ni ukoo.

Wadachi walipoweka boma lao Mahenge, ukoo ulinyang'anywa sehemu ya milki hiyo. Bwana shauri, akisaidiwa na maakida na majumbe, alisikiliza habari za mahari na za wizi, ila aliyetiwa hatiani mbele yake hakuwa na deni kwa mwenziwe tu, bali na kwa serikali, na deni hilo alilipa kwa mnyororo au kwa hamsa ishirini za kiboko.

Waingereza ndio waliochora mpaka wenyewe. Walianza kwa kutumia sheria ya jinai ya Bara Hindi, kisha mwaka 1930 wakaandika Kanuni ya Adhabu iliyochukua mfano wake kutoka Queensland, Australia. Ilhali mambo ya ndoa, talaka na urithi waliyaachia mahakama za wenyeji, ambazo kwa sheria ya 1929 rufaa zake zilipanda kwa Bwana DC, kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana, pasipo kufika Mahakama Kuu. Hivyo muuaji alihukumiwa kwa kitabu, na mke aliyedai talaka alihukumiwa kwa mila, na mawakili hawakuruhusiwa kusema mbele ya mahakama hizo za wenyeji.

Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 ilizifuta mahakama hizo na kuziunganisha zote katika ngazi moja, kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Mwaka huo huo mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba, zilizokusanywa na Hans Cory, zikatangazwa kwa maandishi. Nazo, pamoja na kuleta utaratibu, zilimnyima mjane fungu katika mali ya mumewe maadamu ndugu wa marehemu wapo. Kisha ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyokusanya ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za kiserikali chini ya paa moja, ikasema wazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenziwe kwa kumpiga. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kazi ya nyumbani ya mke nayo ni mchango katika mali ya ndoa. Na mwaka 2019 Mahakama hiyo hiyo ikathibitisha kuwa kumwoza binti aliye chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba.

Kwa hiyo leo shauri la talaka, kwa kawaida, hupita kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la kata, na likishindikana ndipo mahakama hulipokea. Ugoni nao ni dai la fidia, wala polisi hawamkamati mtu kwa ajili yake. Ama kipigo, ijapokuwa sheria humruhusu hakimu kuhimiza suluhu katika shambulio dogo, hakiwi cha nyumbani kwa kuwa kimetokea nyumbani. Na ubakaji, ambao tangu sheria ya 1998 adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, hauna baraza la kuusuluhisha, hata wazee wa pande zote mbili wakikubaliana kuyamaliza kifamilia na mbuzi akachinjwa.

Usiku mmoja wa ugomvi waweza basi kuzaa mashauri mawili: moja la ndoa, ambalo wenyewe ni mume na mke, na jingine la jinai, ambalo mwenyewe ni Jamhuri. Mke akisamehe, amesamehe lililo lake. La Jamhuri halikuwa lake kulisamehe.