Godoro mseto la mpira asilia (uchaguzi wake Ufipa)

Godoro mseto la mpira asilia ni godoro la matabaka. Tabaka la juu, linalopokea mwili, hutengenezwa kwa utomvu wa mti wa mpira, *Hevea brasiliensis*. La chini huwa la springi, la usumba wa nazi au la sponji ngumu. Huitwa la kilimo hai iwapo mpira na pamba yake vimetoka katika mashamba yasiyotiwa mbolea wala dawa za viwandani, na pakawa na cheti cha kuthibitisha hivyo. Makala hii inaeleza namna ya kulichagua kwa bei ambayo familia ya kawaida inaimudu, kwa mfano wa Mollo, kata ya Manispaa ya Sumbawanga mkoani Rukwa, na uwanda wa Ufipa kwa jumla.

Baridi ya chini

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na Sumbawanga yenyewe iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Kisha huja miezi mikavu, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10 au pungufu. Anayelala Mollo mwezi Julai hupigwa na baridi pande mbili. Juu ana blanketi. Chini hana ngao nyingine ila godoro. Kwa hiyo ushauri wa nchi za joto, kwamba mtu atafute godoro linalopoza mwili, haumfai mtu wa Ufipa hata kidogo.

Baridi hiyohiyo ndiyo inayoliondoa godoro moja katika hesabu mapema. Sponji ya kubonyea polepole, iliyobuniwa Marekani mwaka 1966 katika kazi za shirika la anga la NASA, hulainika kwa joto la mwili na hukakamaa kwenye baridi. Katika chumba cha nyuzi 12, mtu anaweza kulala robo saa ya kwanza kana kwamba yuko juu ya ubao. Mpira asilia hauna tabia hiyo: hubaki na mnyumbuko wake katika baridi kali kuliko yoyote itakayofika Ufipa. Hii ni sababu ya kweli zaidi ya kuutamani, kuliko maneno mengi yanayoandikwa kwenye maboksi.

Kutoka mkeka hadi sponji

Kabla ya godoro la dukani watu wa Afrika Mashariki walilalia mikeka, ngozi na vitanda vya kamba. Pwani kitanda cha kamba kilipewa jina la teremka tukaze, kwa kuwa kamba zikilegea aliyelala hana budi kushuka ili zivutwe upya. Katika vijiji vingi vya nyanda za juu godoro la kwanza la mtu lilikuwa gunia lililoshindiliwa nyasi kavu au maganda ya mahindi. Pamba nayo si ngeni upande huu: wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta watu wa bonde la Rukwa wakifuma nguo nzito kwa pamba waliyoilima wenyewe.

Sponji ilikuja baadaye. Msingi wake ni kemia ya Mjerumani Otto Bayer ya mwaka 1937: vimiminika viwili vinavyotokana na mafuta ya petroli huchanganywa, huumuka kama unga wa maandazi, kisha hukauka vikabaki vimejaa viputo vya hewa. Viwanda vya Tanzania, miongoni mwao Tanfoam ya Arusha na vile vilivyolifanya jina la Dodoma liwe karibu sawa na neno godoro, viliisambaza nchi nzima. Barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyotiwa lami kwa fedha za mpango wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani wa 2008 hadi 2013, ilirahisisha mno kuleta Ufipa mzigo mwepesi unaokula nafasi kubwa kwenye lori. Leo godoro hutajwa kwa futi na inchi: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, unene inchi 4, 6, 8 au 10.

Mpira upo, godoro halipo

Inauma kidogo kukumbuka kwamba Tanzania ni nchi ya mpira. Wakati wa Wajerumani mashamba ya mpira yalienea Tanga na Morogoro, yakiwa na mti wa aina ya *Manihot*, jamaa wa muhogo. Mwaka 1913 bei iliporomoka, kwa sababu mpira wa Hevea kutoka Malaya na Ceylon ulikuwa mwingi na rahisi, na mashamba mengi yakaachwa. Hevea yenyewe ni mti wa Brazili. Mbegu zake zilipelekwa London na Henry Wickham mwaka 1876, na kutoka huko miche ikasambazwa Asia. Baadaye Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilishika mashamba ya Hevea ya Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga katika bonde la Kilombero, na shabaha yake ilikuwa kiwanda cha matairi cha General Tyre kilichokuwa Arusha. Unguja na Pemba nako kuna mashamba ya mpira.

Mpira wa tairi hauhitaji kubaki kimiminika. Utomvu hugandishwa kwa asidi, hukamuliwa, hukaushwa kuwa shuka. Shuka hiyo haiwezi kurudi kuwa povu. Godoro linataka utomvu uliozuiwa kuganda kwa amonia, kisha ukazungushwa kwenye mashine hadi mpira ndani yake ufike kama asilimia 60. Ndipo hupigwa povu, huchanganywa na salfa, humiminwa kwenye kalibu yenye vijiti vingi na kupikwa kwa mvuke. Njia hiyo iligunduliwa katika kampuni ya Dunlop nchini Uingereza mwaka 1929, na magodoro mengi ya mpira bado hutengenezwa hivyo. Njia ya pili, ya Talalay, hugandisha povu kwa baridi kabla ya kulipika. Huleta godoro laini zaidi na la bei kubwa zaidi. Kwa mnunuzi wa Sumbawanga njia ya Dunlop inatosha kabisa.

Kwa sababu hiyo mpira wa godoro hutoka mbali, hasa Sri Lanka, India, Thailand, Malaysia na Vietnam, na gharama ya safari imo ndani ya bei.

Neno "hai" na karatasi yake

Mkulima wa Ufipa hahitaji kufundishwa kilimo hai. Matuta ya ntumba, ambamo nyasi hufukiwa zikaoza na kuwa mbolea, yalirutubisha mashamba ya Wafipa vizazi vingi kabla neno hilo halijatungwa. Shida ni kwamba tuta analiona kwa macho yake, ilhali shamba la mpira la Sri Lanka hawezi kuliona. Hapo hana budi kutegemea karatasi, na karatasi zenyewe hazilingani.

Kwa mpira, kipimo kinachotambulika duniani ni GOLS, kilichoanza mwaka 2012. Kinataka angalau asilimia 95 ya mpira uwe wa kilimo hai. Kwa pamba na sufu ya kondoo kipo GOTS. Nembo ya OEKO-TEX, inayoonekana mara nyingi zaidi, hupima kama bidhaa ina kemikali za kudhuru ngozi na mwili. Ni nembo nzuri, lakini haisemi lolote kuhusu shamba. Alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, iliyotokana na kiwango cha mwaka 2007, ni ya mazao ya shambani, kwa hiyo mtu asiitarajie kwenye godoro. Nembo ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, inahusu ubora wa bidhaa. Itafutwe kwenye kila godoro la sponji.

Ujanja wa kawaida sokoni ni cheti cha sehemu kutumika kama cheti cha godoro zima. Kitambaa cha juu kina GOTS, ndani mna sponji tupu. Au neno "asilia" limeandikwa kwa herufi kubwa na mpira wenyewe umechanganywa na ule wa petroli. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: cheti hiki ni cha tabaka gani? Asiyeweza kujibu asilipwe bei ya kilimo hai.

Kwa mwenye fedha kidogo, fedha ya kilimo hai itumike kwanza kwenye pamba, inayokaribia ngozi. Tanzania inalima pamba hai kwa kweli. Mradi wa bioRe wilayani Meatu ulianza mwaka 1994. Kava la pamba tupu lililoshonwa na fundi cherehani wa mjini, hata bila cheti chochote, ni bora kuliko poliesta inayong'aa iliyobandikwa jani la kijani.

Pima kama mahindi

Sumbawanga ni mji wa mahindi, na mtu wa mahindi hanunui kwa sura ya gunia. Anaweka kwenye mizani. Godoro nalo lipimwe vivyo hivyo, maana sponji na mpira vina densiti, yaani kilo zilizomo katika mita moja ya ujazo, na densiti ndiyo inayoamua kama godoro litadumu au litabonyea shimo katikati.

Hesabu yake ni nyepesi. Godoro la futi 5 kwa 6, unene inchi 6, lina mita za ujazo 0.425. Sponji dhaifu ya densiti 16 itakuwa na kilo karibu 7. Ya densiti 24 itafika 10. Ile nzito ya densiti 32 itapita kilo 13. Mpira asilia una densiti ya 65 hadi 80, kwa hiyo godoro zima la mpira la ukubwa huo litakaribia kilo 30, na watu wawili watalibeba kwa kusaidiana. Mtu akikuletea "mpira mtupu" wa inchi 6 begani huku anapiga simu, umeshapata jibu.

Gawanya bei kwa kilo. Magodoro mawili ya ukubwa mmoja na bei zinazokaribiana yanaweza kutofautiana karibu nusu kwa nusu ukifanya hesabu hii, na dukani kwa macho huwezi kujua.

Mizani ina adui mmoja. Baadhi ya watengenezaji huongeza unga wa chokaa ndani ya sponji ili iwe nzito. Sponji ya namna hiyo huacha vumbi ukiisugua kwa vidole, na hukatika vipandevipande upesi. Ndiyo maana inafaa kudai kava lenye zipu. Lifungue. Mpira una rangi ya maziwa, una matundu yaliyopangwa kwa mistari yaliyoachwa na vijiti vya kalibu, na ukiubonyeza kwa goti unarudi papo hapo. Sponji nayo huweza kutobolewa matundu, ila ya kawaida haifikii kilo za mpira.

Mseto unaobebeka

Kinachopunguza bei ni unene wa mpira. Mwili wa mtu mzima hauhitaji inchi 6 za mpira. Inchi 2 juu ya kitu imara zinatosha kwa bega na nyonga, na tabaka hilo la futi 5 kwa 6 lina kilo karibu 10 tu. Chini yake pana njia tatu. Springi huleta hewa na uimara, na Ufipa haina chumvi ya bahari inayozila kwa kutu kama ilivyo Dar es Salaam au Mombasa. Ila godoro la springi zilizounganishwa likikunjwa kwenye lori huharibika, na safari kutoka Dar ni ndefu. Usumba wa nazi uliopuliziwa mpira ni mgumu, hupitisha hewa na ni wa asili kweli. Pwani makumbi yapo tele. Sponji nzito ndiyo rahisi kupatikana, na ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa kaya ya Mollo: sponji ya inchi 4 yenye densiti ya 30 hivi, kisha tandiko la mpira la inchi 2, vyote ndani ya kava moja la pamba. Matabaka yakinunuliwa mbalimbali, la chini linaweza kupatikana mwaka huu baada ya kuuza mavuno na la juu mwaka ujao. Likichoka moja, hubadilishwa hilo tu.

Kitanda ni sehemu ya godoro. Chaga zikiachana sana mpira huzama katikati yake. Nafasi isizidi inchi 3, na seremala aambiwe hivyo kabla hajakata mbao. Godoro likiwekwa sakafuni msimu wa mvua huota ukungu upande wa chini, mpira au sponji.

Desturi yetu ya kuanika godoro juani iachwe kwa mpira. Jua kali huukausha, ukawa wa njano na kuvunjika kama mkate mkavu. Uanikwe kivulini penye upepo. Mwenye mzio wa mpira, kama ule unaoletwa na glavu za hospitali, aulize daktari kwanza, ingawa povu huoshwa kiwandani na ndani ya kava haligusi ngozi. Godoro la mtumba likaguliwe mishono yote kwa tochi. Kunguni hujificha hapo, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mseto wa futi 5 kwa 6 uliotajwa hapo juu, inchi 2 za mpira juu ya inchi 4 za sponji nzito, unapaswa kufika kilo 18 bila kava. Ukipungua hapo, mrudishie muuzaji godoro lake.