Hewa Ndani ya Sakafu

Ukipita kwenye mjengo Nairobi siku ya kumwaga slabu, huenda ukaona mafundi wakipanga safu za matofali makubwa yenye matundu kabla zege halijafika. Wengi huyaita maxpan. Mpita njia anajiuliza: huyu landilodi anatucheza? Mbona anajenga sakafu ya hewa?

Hewa hiyo ni ya zamani kuliko saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824. Pantheon ya Roma ilikamilika karibu mwaka 126, na kuba lake lina upana wa mita 43 hivi. Ili lisilemewe na uzito wake lenyewe, Warumi waliacha vishimo 140 upande wa ndani, wakatumia mawe mepesi ya volkeno juu, na katikati wakaacha tundu wazi. Mpaka leo limesimama. Huku Afrika, katika Tunisia ya sasa, mafundi wa enzi hizo walichoma mirija ya udongo, wakaichomeka mmoja ndani ya mwingine, wakapata mapaa mepesi ya tao.

Halafu ukaja moto. Mwaka 1871 Chicago iliteketea, na vyuma walivyodhani haviwezi kushindwa vikalegea kwa joto. Waliojenga upya wakageukia sakafu za matofali ya udongo yenye matundu: mepesi, na yanaukinga mhimili wa chuma dhidi ya moto.

Zege la nondo lilirithi wazo hilo. Sakafu ikibeba mzigo hupinda kidogo: juu inabanwa, chini inavutwa. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka, ndiyo maana kuna nondo. Zege kubwa la upande wa chini, kati ya nondo na nondo, linaongeza tu uzito. Slabu nzima ya unene wa sentimita 20 ina karibu kilo 480 kwa kila mita ya mraba. Punguza hapo, na nguzo pamoja na msingi vinapumua.

Bado tunaogopa, na tuna sababu. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma, watu zaidi ya 40 wakafariki. Tangu hapo, ukisikia mtu amepunguza zege, moyo unapiga. Lakini tundu la maxpan limo kwenye mchoro, mhandisi amelipigia hesabu. Mfuko wa saruji unaopotea usiku ni tundu pia, na hilo halina mchoro. Kwa hivyo ukienda kuangalia keja mpya, usiulize kama sakafu ina hewa. Uliza ni nani aliyeipigia hesabu.