Anayesikiliza kitabu naye amesoma

Mapema miaka ya 1990, nikiwa bado mhadhiri kijana, nilimkata alama mwanafunzi wangu mmoja asiyeona. Riwaya tuliyokuwa tukiichambua haikuwa na nakala ya breli, kwa hiyo wenzake walimsomea na kuirekodi kwenye kanda. Katika insha yake akaandika, "Nilipoisoma riwaya hii…" Nami kwa wino mwekundu nikaandika pembeni: "Hukuisoma. Uliisikiliza." Hakuzungumza tena darasani mwangu hadi muhula ukaisha.

Leo nataka kulisahihisha kosa langu, maana bado nawasikia wasomi wakilirudia.

Wazo la kitabu kinachosema ni kongwe kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mwaka 1878, Thomas Edison alipoorodhesha matumizi ya mashine yake mpya ya kunasa sauti, alitaja vitabu vya kuwasomea vipofu. Tatizo ni kwamba mashine yenyewe ilinasa dakika chache tu. Riwaya nzima ingeingia wapi?

Kilichoharakisha mambo ni vita. Vita Vikuu vya Kwanza viliwarudisha nyumbani wanajeshi wengi waliopofuka. Wengi wao walikuwa watu wazima ambao vidole vyao havikuzoea nukta za breli. Mmoja wao, Ian Fraser, alipoteza macho katika mapigano ya Somme mwaka 1916, naye akawa mstari wa mbele kutafuta santuri ya kusomea. Marekani ilianza kutoa vitabu vya santuri mwaka 1934, Uingereza ikafuata 1935. Santuri za Uingereza zilizunguka polepole, kila upande ukabeba takriban dakika 25, na riwaya moja ikahitaji kama santuri kumi. Miongoni mwa vitabu vya kwanza ilikuwamo riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie. Naam, vipofu nao walitaka kujua muuaji ni nani!

Hata Helen Keller, aliyekuwa haoni wala hasikii, mwanzoni alikataa kuchangisha fedha za mradi huo wakati uchumi ulipoporomoka. Baadaye alibadili msimamo akawa mtetezi wake. Kumbe kubadili msimamo si aibu.

Sasa turudi kwenye lugha yetu. Mswahili wa pwani husema watu "wanasoma maulidi", na walioketi wakisikiliza hawahesabiwi kuwa wameachwa nje. "Kisomo" ni tukio la sauti. Tenzi ziliandikwa, lakini ziliwafikia wengi kwa kughaniwa. Tena tuna kitenzi "kusomea": namsomea bibi barua, na bibi akishaisikia, barua imesomwa, basi. Isitoshe, sote tunakubali kwamba anayepapasa nukta za breli anasoma. Ikiwa kidole husoma, sikio lina kosa gani?

Sisemi sauti ichukue nafasi ya breli. Tahajia hujifunzwa kwa nukta, na mtoto asiyeona anastahili kujua "ghali" na "gali" hutofautiana wapi. Ninachosema ni kwamba milango yote ifunguliwe.

Kisheria, mlango mmoja umefunguliwa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu vitabu vitolewe katika miundo inayowafaa wasioona bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki kila mara. Lakini mkataba hausomi kitabu. Simu nazo husoma, ila nimewahi kusikia programu ikisoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Ng'ombe" alitoka mnyama nisiyemjua.

Idara zetu za Kiswahili zimejaa vijana wenye matamshi safi. Kila darasa likirekodi kitabu kimoja kwa mwaka kwa utaratibu unaokubalika kisheria, tutapata maktaba. Mimi nimeshaanza na sura ya kwanza ya riwaya ileile. Alama za yule kijana siwezi kuzirudisha, lakini neno lake nalirudisha: aliisoma.