Goma na Kurasa Zake Zilizohifadhiwa Ng'ambo

Asubuhi ya tarehe 17 Januari 2002, ubavu wa kusini wa mlima Nyiragongo ulipasuka. Kufikia jioni lava ilikuwa imeingia Goma. Ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji na kumwagikia Ziwa Kivu. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu liliachwa kuta tupu. Watu wapatao 400,000 walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Gisenyi, nchini Rwanda. Waliporudi, watu wapatao 120,000 hawakuwa tena na makazi. Wakaanza kujenga upya juu ya jiwe ambalo lilikuwa bado na joto, na chini ya jiwe hilo vikabaki vitu ambavyo hakuna aliyevihesabu: vyeti vya ndoa, daftari za madeni za wenye maduka, picha za ukutani, mafaili ya ofisi.

Miezi mitatu kasoro siku chache kabla ya hapo, tarehe 24 Oktoba 2001, kulifanyika sherehe katika Chuo Kikuu cha California, mjini Berkeley, Marekani. Brewster Kahle, mwanzilishi wa shirika la Internet Archive, alifungua kwa umma ghala la kurasa za intaneti ambazo zilikuwa zikikusanywa tangu 1996. Alilipa jina la Wayback Machine. Mtu aliandika anwani ya tovuti, akachagua tarehe, na ukurasa wa siku ile ukatokea. Kwa hiyo lava ilipofika Goma, habari zilizoandikwa kwenye mtandao kuhusu msiba huo tayari zilikuwa na ghala la kuzipokea. Ghala lenyewe lilikuwa mbali sana na wale waliopatwa na msiba.

Jambo hilo halikuwa geni kwa Goma. Maandishi ya mwanzo kuhusu volkano hii yaliandikwa na Mjerumani Gustav Adolf von Götzen, aliyepanda Nyiragongo mwaka 1894, na kitabu chake kikachapishwa Berlin mwaka uliofuata. Haroun Tazieff alianza kulichunguza ziwa la lava lililo kileleni mwaka 1948, na vitabu vyake vikasomwa Ulaya. Picha na nyaraka nyingi za enzi ya ukoloni ziko Tervuren, Ubelgiji, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati. Kijana wa Goma anayetaka kuujua mji wa babu yake amezoea kuambiwa kuwa karatasi anazozitafuta ziko ng'ambo. Enzi ya intaneti iliendeleza desturi hiyo, isipokuwa kwa tofauti moja kubwa: karatasi ya Tervuren huhitaji safari, lakini ukurasa wa intaneti unaweza kurudishwa nyumbani ukiwa mzima na mtu aliyekaa katika mtaa wa Himbi au Ndosho mjini Goma, mradi ajue njia.

Mwaka ambao Kahle alianzisha ghala lake ndio mwaka ambao majeshi ya waasi wa AFDL yaliingia Goma, mwanzoni mwa Novemba 1996. Miezi sita baadaye, Mei 1997, Zaire ikawa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Jina la nchi lilipobadilika, anwani zake za intaneti nazo zikabadilika. Zaire ilikuwa na kiishio chake cha anwani, .zr. Mwaka huohuo wa 1997 Kongo ikapewa .cd, na mwaka 2001 .zr ikafutwa kabisa katika orodha kuu ya dunia. Tangu wakati huo, hakuna kivinjari kinachoweza kufungua anwani yoyote iliyoishia kwa herufi hizo. Ni nchi nzima iliyoondolewa kwenye ramani ya intaneti, na ukurasa wowote wa .zr unaosomeka leo unasomeka kwa sababu kuna roboti iliyoupitia mapema na kuunakili.

Roboti hiyo ni programu isiyochoka. Hupewa orodha ya anwani, huomba kila ukurasa kwa seva kama msomaji wa kawaida anavyoomba, huhifadhi majibu, kisha hufuata viungo vilivyomo ndani na kuendelea. Kinachohifadhiwa ni zaidi ya maandishi tunayoyaona. Faili la ghala hubeba anwani iliyoombwa, saa ya kuomba, maelezo ambayo seva ilitanguliza, na mwili wote wa ukurasa, alama kwa alama. Zamani mafaili hayo yaliitwa ARC. Mwaka 2009 muundo ulioboreshwa, WARC, ulikubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa, namba ISO 28500, na maktaba za taifa za nchi nyingi sasa zinautumia.

Hapa ndipo watafiti wengi hukosea. Ukurasa wa zamani unapofunguliwa katika Wayback Machine, unaoonekana si ule uliohifadhiwa hasa. Ghala huongeza utepe wake juu, huingiza vipande vya programu, na hubadilisha viungo vyote ili msomaji akibofya abaki ndani ya ghala. Kwa anayesoma tu, hilo ni msaada. Kwa anayetaka ushahidi, au anayetaka kujenga upya tovuti iliyopotea, ni kasoro: akinakili ukurasa huo, atakuwa amenakili pia mikono ya watu wengine.

Njia ya kuupata ukurasa wenyewe ni fupi. Katikati ya anwani ya ghala kuna tarakimu 14: nne za mwaka, kisha mbilimbili za mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Mara tu baada ya tarakimu ya mwisho, kabla ya mkwaju unaofuata, huongezwa herufi i na d pamoja na kistari cha chini: id_. Ukifungua anwani hiyo, utepe unatoweka, viungo vinarudi vilivyokuwa, na ghala linatoa kile ambacho seva ilikitoa siku ile. Tarakimu zenyewe nazo zinataka uangalifu, maana zinahesabu saa ya dunia, na Goma iko mbele yake kwa saa mbili. Ukurasa wenye saa 23 ya usiku wa tarehe 17 ulinaswa wakati Goma ilikuwa tayari imeingia tarehe 18. Kwa mwanahistoria anayepanga matukio ya volkano saa kwa saa, tofauti hiyo inaweza kuharibu simulizi nzima.

Ghala lina pia daftari lake, liitwalo CDX, linaloorodhesha kila mara ukurasa uliponakiliwa. Kila mstari una tarehe, jibu la seva, na alama ya utambulisho inayokokotolewa kutokana na maudhui. Alama mbili zikifanana, ukurasa haukubadilika kati ya tarehe hizo. Zikitofautiana, kuna kitu kilichobadilika ndani yake, hata kama ni kidogo tu. Mwandishi wa habari anaweza kushuku kuwa tangazo limerekebishwa kimyakimya hata kabla ya kulisoma, kisha akalinganisha nakala hizo ili kuhakikisha.

Kazi ya kujenga upya tovuti zilizopotea kutokana na nakala imefanywa na wataalamu kwa miaka mingi. Frank McCown, akiwa Chuo Kikuu cha Old Dominion, Virginia, alitengeneza programu ya Warrick, iliyokusanya vipande vya tovuti zilizopotea kutoka Internet Archive na kutoka nakala za muda za Google, Yahoo na MSN, kisha ikaviunganisha. Chemchemi hizo nyingine zimekauka. Google iliondoa viungo vya nakala zake za muda mwanzoni mwa 2024, na Septemba mwaka huo ikaanza kuwaelekeza watumiaji wake kwenye Wayback Machine.

Umuhimu wa nakala asili unaeleweka vizuri katika eneo la Kivu. Septemba 2018, mahakama ya kijeshi ya Bukavu iliwahukumu makamanda wawili wa kundi la waasi la FDLR kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Miongoni mwa ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya simu inayorekodi saa, mahali, na alama ya kuthibitisha kuwa picha haikuchezewa. Msingi ni uleule wa WARC: kitu chenyewe, pamoja na maelezo ya lini na wapi kilipatikana.

Lakini roboti haifiki kila mahali. Radio Okapi ilianza kurusha matangazo tarehe 25 Februari 2002, wiki tano na siku chache baada ya lava, kwa Kifaransa na lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Roboti hunakili maandishi ya tovuti; sauti iliyopita hewani bila kuwekwa mtandaoni haiwezi kuinasa. Nyiragongo ilipolipuka tena usiku wa tarehe 22 Mei 2021, na tarehe 27 sehemu ya Goma ikaamriwa kuhama, habari nyingi zilipita kwenye makundi ya WhatsApp, ambako roboti haiingii. Hata kituo cha uchunguzi wa volkano cha Goma kilikuwa kimepitisha miezi kadhaa bila fedha za kulipia intaneti ya kupokea takwimu kutoka vifaa vyake vya mlimani.

Na ghala lenyewe si mwamba. Oktoba 2024 Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi, taarifa za akaunti milioni 31 zikavuja, na huduma zake zikazimwa kwa siku kadhaa. Miezi mitatu baadaye, mwishoni mwa Januari 2025, kundi la waasi la M23 liliingia Goma. Mji uliokwisha kupoteza mafaili yake kwa moto wa mlima na kwa vita hauwezi kutegemea ghala moja lililo California.

Vyuo vikuu vya Goma vina wanafunzi wa kompyuta na wa historia wanaoweza kuifanya kazi hii pamoja: kuorodhesha tovuti zilizoandika kuhusu mji tangu 1996, kutoa kurasa asili kwa njia ya id_, kuziandikia tarehe na alama zake, na kuweka nakala moja mjini na nyingine mbali na volkano. Msomaji naye ana sehemu yake. Tangu 2013, yeyote anaweza kubandika anwani katika Wayback Machine na kuamuru ukurasa uhifadhiwe papo hapo, bila malipo. Kama kuna ukurasa unaosimulia mtaa wako, shule yako au ndugu zako waliokimbia mwaka 2002, uhifadhi leo.