Mashindano ya kulima kwa plau za zamani, na kwa nini dereva bora hushuka mara nyingi kwenye trekta

Ndugu mkulima, trekta la kukodi likishaondoka shambani wengi wetu huangalia jambo moja tu: ekari zimeisha au bado. Mvua ya kwanza ikinyesha ndipo unaona mistari ya nyasi imesimama hai katikati ya udongo uliolimwa, mtaro mmoja wa kina na wa jirani yake wa juujuu, na katikati ya shamba tuta limeachwa kama kaburi. Hela umeshalipa, na dereva yuko kijiji cha tatu.

Leo nataka niwaeleze habari za watu wanaoshindana kwa kazi hiyo hiyo, tena kwa matrekta na plau za miaka ya 1940 na 1950. Siyo mchezo wa kupita muda. Waliyojifunza ndiyo yanayokosekana katika mashamba mengi ninayopita.

Mashindano ya taifa ya Ireland yalitokana na ubishi. J. J. Bergin wa Athy na Denis Allen wa Wexford walibishana ni jimbo la nani lenye walimaji hodari zaidi. Februari 1931 ubishi ukamalizwa shambani, Coursetown karibu na Athy, kwa plau za farasi. Mwaka 1952 likaundwa shirika la dunia la mashindano haya, na mwaka uliofuata mataifa yakakutana Cobourg, Ontario, nchini Kanada. Hata kwetu yamefika: mwaka 1995 mashindano ya dunia yalifanyika Kenya, Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro.

Lakini kwa mkulima, historia yenye faida zaidi ni ya plau yenyewe.

Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilikuwa haba na serikali ilihimiza watu walime kwa matrekta. Fundi wa Belfast aitwaye Harry Ferguson alipewa kazi ya kuzunguka Ireland kuona matrekta hayo yanavyotumika. Alifuatana na msaidizi wake, Willie Sands. Walichokiona ni kwamba trekta halikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa plau. Zilikuwa zikikokotwa nyuma kwa mnyororo au chuma, kama zilivyokokotwa na farasi. Plau ikigonga jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yalikwama, injini ikaendelea kusukuma, na trekta likainuka mbele na kumwangukia dereva. Watu walikufa hivyo.

Ferguson aliwaza kwamba plau na trekta viwe kitu kimoja. Baada ya miaka ya majaribio akapata mfumo ambao hadi leo uko nyuma ya karibu kila trekta unalolikodi: mikono miwili chini ya kuvuta, na mmoja juu, yaani toplinki. Plau inapokata udongo, mikono ya chini huvuta na toplinki husukuma mbele. Msukumo huo huzuia pua ya trekta kuinuka, na uzito wa kazi hukandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Kwa hiyo trekta dogo liliweza kazi ya kubwa. Ferguson TE20, lililoanza kutengenezwa Coventry, Uingereza, mwaka 1946, lilikuwa na uzito wa tani moja na ushee tu, na hadi 1956 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya laki tano. Ndiyo maana mengi yapo hai hadi leo, na ndiyo maana unayaona kwenye mashindano ya vyombo vya zamani.

Sasa tuje kwenye kurekebisha. Plau ya zamani haina cha kumsaidia mvivu. Kila kitu ni skrubu na spana. Mshindani huanza kwa upepo wa matairi. Tairi moja likiwa laini kuliko jingine, plau imeshalala upande kabla hujaishusha.

Halafu usawa. Kwenye fimbo ya kulia inayoinua plau kuna mkono wa kuzungusha, kama wa cherehani. Katika safari ya kwanza magurudumu yote mawili yako juu ya ardhi isiyolimwa. Safari ya pili gurudumu la kulia limeingia kwenye mtaro mfupi, na baadaye limeingia kwenye mtaro kamili. Kila hatua plau huinama tofauti, hivyo mkono huo lazima uzungushwe tena. Dereva asiyeugusa tangu asubuhi ndiye anayekuachia lile tuta la kaburi.

Toplinki nayo ina lugha yake. Ukiifupisha, plau huinamisha pua na jembe la mbele linakwenda chini kuliko la nyuma. Ukiirefusha sana, plau hukalia kisigino na kukataa kuingia, na dereva atakuambia ardhi yako ni ngumu. Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi ni toplinki.

Upana wa jembe la mbele hurekebishwa kwa kuzungusha shafti inayopita kando kwa kando ya plau, yenye kona kidogo. Ukikosea hapo, udongo hulala mbili mbili, na kati ya kila safari kuna bonde au kipandio. Hesabu mistari shambani kwako. Ukiiona iko kwa jozi, umepata mgonjwa.

Kinachobaki ni visu. Kisu cha duara hukata ukuta wa mtaro, nacho huwekwa nje ya jembe kwa kama upana wa kidole kuelekea ardhi isiyolimwa. Nyuma yake kijembe kidogo hukwangua kona yenye nyasi, kama inchi 2, na kuitupa chini ya mtaro ili ifunikwe. Kwa jembe la inchi 10, kina cha inchi 6 hivi huuwezesha udongo kupinduka na kulala vizuri. Nyasi ikichungulia, waamuzi hukata alama.

Plau nyingi za kukodi kwetu ni za diski, hazina kijembe hicho na hazifuniki nyasi kiasi hicho. Lakini usawa na toplinki ni vile vile. (Na kama shamba lako ni la mteremko au mvua ni chache, kupindua udongo wote huenda si ushauri wangu kwako, hilo tutaliongea siku nyingine.)

Waamuzi hupima mwanzo na mwisho kwa ukali kuliko katikati. Mshindani hupewa dakika 20 kwa kufungua mstari wa kwanza tu, kisha husimama alama zichukuliwe. Mtaro wa mwisho unatakiwa uwe mwembamba, mfupi kwa kina na ulionyooka, maji yasipate njia. Ili kufika hapo huanza kupunguza kina safari kadhaa kabla, na kwenda na rula kupima ardhi iliyobaki pande zote mbili za shamba. Dereva wako akishuka na kupima hivyo, mpe maji ya kunywa na usimharakishe.