KARAKANA YA MABASI YA SHULE MAREKANI: INAPANGWAJE, NA NANI ANALIPA?

Mabasi ya njano ya Marekani wote tumeyaona kwenye sinema. Leo naongelea yale yasiyoonyeshwa: yanalala wapi, na nani anayatengeneza.

Kwanza tuelewane. Kule shule nyingi za umma haziko chini ya wizara. Ziko chini ya wilaya za elimu zaidi ya 12,000, na nyingi zina bodi inayochaguliwa na wananchi. Wilaya nyingi zina mabasi yao na mafundi wao. Ile rangi ya njano ilianza kukubaliwa mwaka 1939, kwenye mkutano ulioitishwa New York na profesa Frank Cyr, kwa sababu inaonekana vizuri alfajiri na jioni.

Sasa wilaya ikitaka jengo jipya la matengenezo na usafiri, mambo ya kupanga ni haya:

1. KAZI ZA JENGO. Pale hakuna mabasi tu. Mafundi umeme, bomba, rangi na seremala wa shule zote wanatokea hapo hapo. Ndio maana idara mbili zinawekwa pamoja: yadi moja, stoo moja ya vipuri, pampu moja ya mafuta.

2. KIWANJA. Basi kubwa linafika mita 12, halikati kona kama Noah. Pia umbali ni pesa. Piga hesabu: mabasi 60, kila moja linaenda kilomita 5 za ziada likiwa tupu, mara 4 kwa siku (kwenda na kurudi, asubuhi na mchana). Hizo ni kilomita 1,200 kwa siku. Mwaka wa masomo una siku kama 180, jumla kilomita 216,000 bila mtoto hata mmoja ndani! Lakini ukisogea katikati ya mji, majirani wanakuja juu: kelele za saa kumi na moja alfajiri na moshi wa dizeli nani anataka?

3. NDANI YA GEREJI. Milango mirefu, lifti za kubeba basi zima, sehemu ya kuoshea, na mtego wa kuchuja oili kabla maji hayajaingia kwenye mtaro. Sehemu zenye baridi kali wanaweka na umeme wa kupasha injini usiku, bila hivyo asubuhi hakiwaki kitu.

4. UMEME. Sheria ya miundombinu ya mwaka 2021 ilitenga dola bilioni 5 kwa miaka mitano, 2022 hadi 2026, kwa mabasi yasiyochafua hewa sana, mengi yakiwa ya umeme. Kwa hiyo anayejenga ni bora alaze mabomba ya nyaya za kuchajia kabla ya kumwaga zege. Kuja kuvunja baadaye ni hasara tupu.

5. PESA. Hapa ndipo moto unapowaka. Mara nyingi wilaya inaomba kukopa kwa hati fungani, deni linalipwa kwa kodi ya majengo na ardhi, na wananchi wanapiga kura. Jimbo la Washington lazima zipatikane asilimia 60. California ilikuwa theluthi mbili, kura ya mwaka 2000 ikafungua njia ya asilimia 55. Kwa hiyo watu 59 kati ya 100 wanaweza kukubali na Washington mradi ukafa!

Shida ni kwamba darasa jipya mzazi analiona, gereji hana habari nayo. Lakini breki za basi linalobeba mwanae zinakaguliwa humo humo. Fundi akifanya kazi nje kwenye theluji, chini ya basi lililoinuliwa kwa jeki, anayeumia mwisho ni mtoto.

Mimi nimesoma kwa daladala, konda akiona sare anafunga mlango. Nikisoma habari hizi sioni wivu wa rangi ya basi. Naona kwamba wenzetu wanajua basi bila gereji ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake. Sisi tukipewa gari la msaada tunapiga picha, ngoma inachezwa, miaka miwili baadaye liko juu ya mawe, nyasi zimeota.

Je, siku ikija kura mtaani kwako, kodi ipande kidogo ili gereji ya shule ijengwe, ungepiga NDIYO au HAPANA? Nawakilisha.