Kioo na Kahawa

Miaka ya 1840 Bibi Vassieux wa Lyon, Ufaransa, alisajili chombo cha kupikia kahawa chenye matufe mawili ya kioo, moja juu ya jingine. Maji yachemkapo chini, mvuke huyasukuma kupanda mrija hata yakutane na kahawa iliyosagwa. Moto uondolewapo, mvuke hupoa, ndipo hewa ya nje huirudisha kahawa chini kupitia chujio, pasipo machicha.

Fikra ilikuwa njema, lakini kioo cha siku zile hakikustahimili moto vema, aghalabu kilipasuka. Ilipofika mwaka 1915, kiwanda cha Corning, Marekani, kilileta vyombo vya Pyrex, na hofu hiyo ikapungua jikoni. Basi sifa si ya mbunifu peke yake. Fundi wa kioo naye ana fungu lake.